SILAHA MPYA, NANI ATAIBEBA?



Katika mkutano wa tawi letu hapa Gesima vijana wawili walibishana juu ya ndege za vita zisizo na rubani. Mmoja alisema kwamba vita vya siku hizi havitaki watu tena: mtu hukaa chumbani, hubonyeza kidude, na adui hufa mbali. Mwenzake akamwuliza, "Na hiyo ndege, nani anaisukuma mpaka kiwanjani?" Watu wakacheka, kisha tukaendelea na habari za mishahara. Sisi tunaona swali lile halikuwa la kuchekwa. Ni swali la wafanyakazi, na nchi hii ya Wagusii imekwisha kulijibu kwa damu.

Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuja kwetu na bunduki ya mashine, ile ambayo askari waliiita bombom. Babu zetu walikuwa na mikuki na ngao za ngozi. Waliikabili kwa ushujaa, wakaanguka kwa mamia. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki D.C. Northcote, ambaye wazee humwita Nyarigoti, askari walirudi tena. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, aliuliza kama ilikuwa lazima kuua watu wengi kiasi kile.

Basi wengi walijifunza kwamba mwenye silaha mpya ndiye mshindi. Somo hilo ni nusu tu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na ikakoma pale. Kutoka ziwani mpaka milima yetu bombom haikuja kwa miguu yake. Ilibebwa, risasi zake zilibebwa, na unga wa kulisha askari ulibebwa. Tena ilishinda kwa sababu upande wa pili haukuwa na kitu cha namna ile. Tarehe 12 Septemba 1914, Wadachi walipokuwa wameingia mji wa Kisii na Waingereza wakaja kuwatoa, silaha za Kizungu zilikuwa pande zote mbili. Walipigana mchana, Kapteni Thorne wa Waingereza akauawa, na usiku kila upande ukaondoka ukaacha mji mtupu. Baadaye raia waliochukua vitu madukani ndio waliotozwa ng'ombe.

Vita vile vya 1914 mpaka 1918 vilileta mitambo mingi Afrika ya Mashariki. Lori zilizama matopeni. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Wadachi walitoa mizinga 10 katika manowari yao Königsberg, iliyozama katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915, wakaitengenezea magurudumu katika karakana ya reli Dar es Salaam. Mizinga ile ilipiga mbali sana, lakini ilivutwa porini kwa kamba na mikono ya watu. Mmoja wake upo mpaka leo pale Fort Jesus, Mombasa. Mwanachama atakayepita huko autazame, kisha afikiri juu ya kuuvuta kupanda kilima kwenye mvua.

Kichekesho kikubwa ni kile cha mwaka 1917. Mwezi wa Novemba Wadachi walirusha chombo cha hewa, L59, kutoka Bulgaria, kikichukua shehena ya tani 15 hivi kwa jeshi lao lililokuwa huku. Kilikaa angani saa 95. Kilipofika juu ya Sudan kiliitwa kwa simu ya upepo kirudi, kikarudi. Ufundi ule ulikuwa wa ajabu na hatuudharau, ila hakuna risasi hata moja iliyofika.

Mwaka ule ule John Ainsworth, ambaye watu wa Nyanza walimjua vizuri kwa kuwa alikuwa P.C. wao, alipewa kazi ya kutafuta wapagazi, na wanaume wakakusanywa wilaya kwa wilaya. Hao ndio Kariakoo. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 25 hivi. Mchumaji wa majani chai anajua kikapu kinavyokata bega kufika jioni kwenye mizani. Naye hulala nyumbani. Mpagazi aliamka akaubeba tena, siku baada ya siku, akila unga usioiva, mpaka kuhara damu au homa ya mapafu ikamlaza. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi zaidi ya 400,000. Waliohesabiwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, na wajuzi wengi wa habari hizi huona kwamba hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao.

Je, mambo yamebadilika? Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia kiwanja cha ndege cha Manda, Lamu, mahali palipokuwa na ndege za Wamarekani za kupeleleza kutoka angani. Waliokuja walikuja kwa miguu, na ndege ziliteketea zikiwa chini. Wamarekani watatu walikufa: mmoja askari, na wawili watu wa kuajiriwa kwa mkataba. Jicho la angani halikulinda mlango wake lenyewe.

Hatusemi jeshi letu lipigane kwa mikuki. Hatari ya mpaka wa Somalia ni ya kweli, na watoto wetu wako huko. Tunasema kwamba silaha ikinunuliwa, bei inayotangazwa ni ya mtambo. Fundi wa kuutengeneza, dereva wa kuuletea mafuta, mpishi na mlinzi wa lango hawasikiki. Wabunge wetu waulize habari zao kabla ya kupitisha fedha: wana mkataba gani, na akifa mmoja wao, mjane atalipwa na nani?

Nalo deni la zamani halijalipwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao wamo wa vijiji hivi hivi.

Kwa hiyo tawi limeamua kuandika majina. Mwenye babu au babu wa babu aliyekwenda Kariakoo alete jina lake, la baba yake, ukoo na kijiji, na kama alirudi au hakurudi. Karani atakaa na daftari kila Jumamosi baada ya saa za kazi, na orodha itapelekwa kwa serikali ya kaunti na kwa Tume hiyo. Asiyejua kuandika aje vivyo hivyo, ataandikiwa.