Si Kila Kisulisuli ni Jini



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila kiangazi kinapoingia hapa Rejaf, kuanzia Desemba hadi Machi, ardhi hukauka na vumbi huwa tele. Jua likishapanda, vumbi huinuka ghafla, likazunguka kama pia na kupita uwanjani likibeba majani na makaratasi. Watoto hukimbia wakipiga kelele, "Jini! Jini linapita!" Na sisi wakubwa hatuwasahihishi. Tukiri ukweli: baadhi yetu walimu ndio tuliowaambia hivyo, ili wasizurure juani mchana.

Tulidhani ni jambo dogo, kumbe lina madhara. Mtoto akipitiwa na kisulisuli leo, kisha kesho kutwa akashikwa na homa, nyumbani husemwa amepigwa na upepo mbaya. Hutafutwa mtu wa kumpunga, na siku zinapita kabla hajapimwa malaria. Akizidiwa, hutafutwa jirani wa kulaumiwa kuwa ndiye aliyemtuma huyo jini. Hapo hofu ya vumbi imekwisha kuwa dhulma.

Kisulisuli chenyewe ni nini? Jua huipasha ardhi moto, na hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikawa nyepesi na kupanda juu. Hewa nyingine hukimbilia kujaza pale, na ikiwa ina mzunguko kidogo, kasi yake huongezeka kadiri inavyovutwa katikati. Ndiyo maana tunaviona zaidi katika mchana wa jua kali.

Tena haya hayapo hapa duniani tu. Yapo hata kwenye sayari ya Mirihi. Tarehe 27 Septemba 2021, chombo cha Wamarekani kiitwacho Perseverance kilipitiwa na kisulisuli chenye upana wa mita 25 na urefu wa mita 118 au zaidi, na kipaza sauti chake kikanasa mvumo wake. Mwaka 2012 kilionekana kingine huko kilichopanda kilomita 20. Na hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya ule wa hewa yetu! Tulipowasimulia wanafunzi wetu, mmoja akauliza, "Mwalimu, na huko jini anamtisha nani?"

Asije mtu akasema tunakanusha majini. Majini wapo, Qur'ani imesema, nasi tumeamini. Lakini kuamini kuwa wapo si ruhusa ya kuwasingizia kila jambo. Allah (s.w.) ametukataza kufuata tusilo na elimu nalo (Al-Israa: 36).

Tukumbuke pia siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, pamoja na huzuni aliyokuwa nayo, hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Ikiwa yeye alisahihisha dhana iliyomtukuza mwanawe, sisi tunanyamazia vipi dhana inayomdhulumu jirani?

Basi tuwafundishe watoto hivi. Kisulisuli kikija, wafunge macho na wasogee pembeni. Wasiutukane upepo, bali wamuombe Allah kheri yake na kujikinga na shari yake. Akiwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na kisomo kiende pamoja na dawa. Na jirani asituhumiwe.

Kanuni inayozungusha vumbi la Mirihi ndiyo inayozungusha vumbi la Rejaf, kwa sababu Mola aliyeiweka ni Mmoja. Mtoto anayelijua hilo atamcha Allah zaidi, na atayaogopa mavumbi kidogo.

Wallaahu a'lam.