Mshahara Upimwe kwa Kazi, Si kwa Mahali

Liko neno linalosemwa sana siku hizi na wakubwa wa makampuni ya kompyuta, nalo ni hili: mtu alipwe kwa kadiri ya gharama za mji anaokaa. Anayekaa San Francisco alipwe cha San Francisco, na anayekaa Nairobi alipwe cha Nairobi. Neno hili husemwa kwa upole, tena kwa hesabu, hata msikilizaji akadhani ni haki tupu. Leo twataka kulipima mbele ya wananchi, kwa sababu vijana wetu wengi waliosoma wamo katika kazi hizo, na wengine wengi zaidi wanangoja mlangoni.

Kwanza tueleze kazi yenyewe kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. Mashine za akili bandia hazikuzaliwa na akili. Ziko zinazofundishwa na watu wanaoketi mbele ya kompyuta kutwa nzima, wakisoma maandishi na kutazama picha, na kutia alama: haya ni matusi, hii ni damu, hili ni gari, huyu ni mtoto. Kwa alama hizo mashine hujifunza. Wengine kazi yao ni kuchuja uchafu unaotiwa katika Facebook, ili watu wa dunia nzima wasiuone. Wao huuona, na hurudi nyumbani nao kichwani. Nairobi ni mmojawapo wa miji ambako kazi hizi zimefanywa.

Mwezi Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilifunua hesabu moja ambayo kila mwananchi yampasa kuijua. OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wameipa kazi kampuni ya Sama mwaka 2021. Mapatano yalikuwa dola 12.50 kwa kila saa ya kazi. Wafanyakazi waliokuwa Nairobi walipokea mkononi baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kwa kufuata cheo na bidii. Wa chini kabisa mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 21,000 kwa mwezi, bila kuhesabu nyongeza. Kampuni ilijibu kwamba zile dola 12.50 zilikuwa za kulipia gharama zote, pamoja na mitambo, wasimamizi na wakaguzi. Na iwe hivyo, maana kila kazi ina gharama zake. Lakini twauliza: ikiwa saa moja ya kijana wetu inauzwa ng'ambo mara sita mpaka tisa ya kile anachopewa, ni nani aliyekaa akapanga kwamba fungu lake litakuwa dogo namna hiyo?

Jibu lilikwisha kutolewa zamani. Mwaka 2018 mwanzilishi wa kampuni hiyo, marehemu Leila Janah, aliiambia BBC kwamba si vema kulipa mishahara itakayovuruga soko la kazi la mahali. Akasema kwamba wakilipwa zaidi sana, huenda kodi za nyumba na bei za chakula zikapanda katika mitaa wanamoishi wafanyakazi wenyewe. Hatumsemi marehemu kwa ubaya. Alikusudia kuwapa kazi watu maskini, na wengi waliipata. Tunalolitazama ni neno lenyewe, maana wengi walilisema kabla yake na wengi wanalisema baada yake. Maana yake ni hii: mfanyakazi abaki na kidogo, kwa faida yake mwenyewe.

Wazee wetu walilisikia neno hili kabla hatujazaliwa. Katika siku za ukoloni mfanyakazi Mwafrika mjini alipewa mshahara wa mseja. Ilidhaniwa kwamba mkewe na watoto wako shambani wanajilisha wenyewe, basi yeye apewe cha kumtosha tumbo moja na kitanda kimoja. Mwezi Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa walisimamisha kazi kwa sababu ya mishahara na gharama za maisha. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kizuizini Baringo. Walakini neno lao halikufungwa. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa mseja haufai, na ikapendekeza mshahara unaoweza kutunza mtu na jamaa yake.

Kadhalika palikuwa na ngazi za mshahara katika utumishi wa serikali: ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilishikilia kwamba Mwasia apewe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, na Mwafrika alikuwa chini yao wote. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kila taifa lina namna yake ya kuishi na gharama zake. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipendekeza ngazi za rangi ziondolewe. Leo hakuna anayethubutu kutaja rangi ya mtu. Hutajwa anwani yake. Sisi twasema: ukimpunguzia mtu kwa sababu ya anwani, na anwani hizo zikawa zote za Afrika na Asia, basi umeirudisha ngazi ile kwa mlango wa nyuma.

Watatuambia, "Lakini maisha ya Nairobi ni rahisi." Hatukatai kwamba sukuma wiki ni rahisi hapa kuliko San Francisco, na chumba cha Pipeline au Kayole hakilingani bei na chumba cha kule. Lakini mfanyakazi hali sukuma wiki tu. Petroli inayoendesha matatu yake hutoka ng'ambo. Kompyuta na simu anazofanyia kazi hutoka ng'ambo, na muuzaji hampunguzii kwa sababu anakaa Kayole. Dawa nyingi hutoka ng'ambo. Basi ajabu ni hii: vitu vingi anunuavyo vina bei ya dunia, ila jasho lake peke yake ndilo lenye bei ya mtaa.

Tena kanuni hii hufuatwa inaposhuka, inapopanda husahauliwa. Mwezi Mei 2020 mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, alitangaza kwamba mfanyakazi atakayehama mji wa gharama kubwa akaenda mji wa gharama ndogo atapunguziwa mshahara. Haya, na mji ukipanda gharama? Mwezi Julai 2023 kodi ya VAT ya mafuta Kenya ilipandishwa kutoka 8 mpaka 16 kwa mia. Mwaka 2024 sheria ya nyumba ilithibitisha makato ya 1.5 kwa mia ya kila mshahara, maana yake shilingi 315 kwa anayepata 21,000. Mwisho wa mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 113, na Januari 2024 ilifika kama 160, kabla ya kushuka baadaye mwaka ule mpaka karibu 129. Katika miaka hiyo kila dola mia iliyoingia kutoka ng'ambo ilikuwa imegeuka kutoka shilingi 11,300 mpaka 16,000 mkononi mwa mwenye kampuni. Mwenye mapatano ya shilingi alibaki na shilingi zake zile zile, na nauli ikampanda. Je, kuna aliyemwita ofisini akamwambia, "Ndugu, mji wako umekuwa ghali, twaa nyongeza"?

Sasa tuitazame San Francisco yenyewe, maana huko tutajifunza jambo la pili. Huko wafanyakazi wa kompyuta hulipwa fedha ambazo masikioni mwetu ni hadithi. Lakini mwaka 2018 serikali ya Marekani ilihesabu kwamba jamaa ya watu wanne wenye dola 117,400 kwa mwaka katika mji huo ni watu wa kipato cha chini. Fedha zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda kwa wenye nyumba. Kazi zilikaribishwa, lakini nyumba za kutosha hazikujengwa, na sehemu kubwa ya ardhi ya mji ilitengwa kwa nyumba za jamaa moja moja. Walimu, wapishi na madereva wakasukumwa mbali. Mwezi Desemba 2013 wananchi walilizuia barabarani basi la wafanyakazi wa Google, kwa hasira ya kuona mji wao umekuwa wa wengine.

Basi waliosema kwamba mishahara mikubwa huweza kupandisha kodi hawakusema uongo mtupu. Walikosea dawa. Nyumba zikiwa chache, kodi itapanda, kama si kwa fedha ya karani wa kompyuta basi kwa fedha ya mwingine. Kumlipa kijana wa Kayole kidogo hakujaongeza hata chumba kimoja Nairobi. Dawa ya uhaba wa nyumba ni nyumba. Kumnyima mfanyakazi ili mwenye nyumba asitamani ni kumfunga ng'ombe mdomo kwa kuogopa mwizi wa majani.

Wala tusidanganyane kwamba kila anayeshika kompyuta ni maskini. Microsoft walifungua kituo chao cha wahandisi Nairobi mwaka 2019, na wahandisi wa namna ile hawahesabiwi pamoja na watia alama. Kadhalika kampuni ya Marekani iitwayo 37signals ilitangaza hadharani kwamba hulipa watu wa cheo kimoja sawasawa popote wanapokaa, kwa kipimo cha San Francisco, nayo haikufa kwa njaa. Kwa hiyo jambo hili lawezekana. Linalokosekana kwa watu wa chini ni nguvu ya kulidai.

Kwa hiyo sisi twasema mambo matatu. La kwanza, kila kampuni inayouza saa za vijana wetu ng'ambo na iwaonyeshe wafanyakazi bei iliyouzia, ili mapatano ya mshahara yaanzie hapo, wala yasianzie kwenye njaa ya mtaa. La pili, orodha ya serikali ya kima cha chini cha mshahara inamtaja mpishi, mlinzi wa usiku na dereva. Na amtaje pia mtu anayefundisha mashine na mtu anayechuja uchafu. Sheria ya mwaka 2007 ya taasisi za kazi imeruhusu mabaraza ya mishahara, basi na liundwe lao. La tatu, fedha inayokatwa katika mishahara kwa ajili ya nyumba na ijenge pia nyumba za kupangisha kwa watu wa mishahara midogo. Hata utawala wa kikoloni ulijenga Kaloleni miaka ya 1940 na kuipangisha. Itakuwa aibu ikiwa sisi tuliojitawala tutashindwa na hilo.

Vijana wenyewe wamekwisha kuanza. Siku ya Mei Mosi 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta, wenye Facebook, wanaweza kushitakiwa katika nchi hii, ingawa walidai kwamba wao si wenyeji hapa. Yafaa tuliangalie sana neno hilo. Ilipokuwa saa ya kulipa, kampuni zilisema kazi ni ya Nairobi. Ilipokuwa saa ya kujibu mashitaka, ikasemwa kwamba mwenye kazi hayuko Nairobi. Mahakama imefungua njia, lakini mahakama haipangi mshahara. Mshahara hupangwa na watu walioungana.

Ndugu wanachama, katika kila tawi wamo wazazi wenye watoto katika ofisi hizo, nao mara nyingi huona fahari kwamba mtoto anafanya kazi ya kompyuta, wasiulize zaidi. Tuanze kuuliza. Mtoto analipwa kiasi gani kwa saa? Saa yake imeuzwa kiasi gani? Je, ameingia chama cha wafanyakazi? Anayejua bei ya mzigo wake hapunjwi kwa urahisi sokoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hesabu hii haitarekebishwa na kijana mmoja mmoja anayenong'ona na mkubwa wake.