Neno Moja Sikioni, Mambo Mawili Mfukoni

Msimu wa uchumaji ukaribiapo, wengi wetu hutafuta mkopo wa kulipia wachumaji, kununulia majamvi na kufyekea mashamba. Makaratasi ya mkopo mara nyingi huwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna maneno mawili ambayo sikio haliwezi kuyatenga: "principal" na "principle". Yote mawili hutamkwa karibu kama "prinsipo". Lakini kwa mwenye shamba tofauti yake ni kubwa.

"Principal" ni kilicho kichwa. Mkuu wa chuo huitwa hivyo, na katika mambo ya fedha ni rasilimali yenyewe iliyokopwa, mbali na faida ya mkopeshaji. Neno letu rasilimali nalo latokana na Kiarabu, na maana yake ni kichwa cha mali. Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka ukilipa shilingi 120,000, umelipa faida tu. "Principal" ingali pale pale, shilingi 1,000,000 kamili.

"Principle" si fedha. Ni kanuni, au msingi wa jambo. Mkopeshaji akiandika kwamba ombi lako limekubaliwa "in principle", maana yake shauri lako halikukataliwa, lakini masharti bado: huenda dhamana haijaangaliwa, sahihi hazijatiwa, na hapana hata senti iliyotoka. Anayesikia neno hilo akadhani "principal" yake imekwisha pitishwa, akaita wachumaji na kuwaahidi ujira kwa pishi, atajikuta karafuu zi jamvini na mfuko mtupu. Wachumaji hawalipwi kwa kanuni.

Kisiwani kwetu deni si mchezo. Mwaka 1934 Serikali ya Unguja ilibidi kutunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiwatoke mikononi kwa sababu ya madeni. Yafaa tukumbuke.

Sisi hatuichukii lugha ya Kiingereza. Watoto wetu na waisome. Lakini twaona si haki mtu kutia sahihi deni kwa lugha asiyoijua. Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, kila karatasi ya mkopo ipitayo mikononi mwa chama chetu iwe na tafsiri ya Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mkopaji kabla hajatia sahihi. Pili, mwanachama asione haya kuuliza: "Hii ni rasilimali au ni kanuni? Fedha zatoka tarehe gani?" Mkopeshaji mwema hachukii swali.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi tusianze kupiga ngoma kabla hatujajua kama harusi yenyewe ipo.