Mashine “Isiyo na Gesi” na Swali la Mtoto

Wakati wa mazoezi ya kufundisha hapa Gungu tuliketi nyuma ya darasa la sita, mwanachuo akifundisha habari za hewa. Mtoto mmoja akauliza: fundi wa jirani ana mashine ya kuchomelea inayolishwa waya, naye husema haina gesi; mbona moshi watoka? Mwanachuo akajibu kwamba hilo halimo katika somo. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lililokuwa somo.

Chuma kilichoyeyuka huharibiwa na hewa. Oksijeni na nitrojeni zikikiingia, kiungo hujaa vitundu na huvunjika upesi. Kwa hiyo mafundi wengine hukikinga kwa gesi ya mtungi, mathalani kabonidayoksaidi iliyochanganywa na agoni. Waya wa mashine hii ni mrija mwembamba wenye unga ndani. Unga huo ukiungua hutoa gesi yake wenyewe, na mabaki yake huelea juu ya chuma na kuganda kuwa gamba, mfano wa kifuniko juu ya chungu. Basi jina ladanganya: kisichokuwapo ni mtungi tu. Fimbo ya kuchomelea ya siku zote, yenye unga uliogandishwa nje, hufuata kanuni iyo hiyo. Tena upepo wa ziwa, ambao huipeperusha gesi ya mtungi, hausumbui sana kazi hii. (Anayejifunza nyumbani akumbuke kwamba waya huu kwa kawaida huungwa kwenye ncha hasi ya umeme, kinyume cha waya wa mtungi.)

Je, watoto wapelekwe kutazama? La, hasha. Mwanga ule una miale ya urujuanimno iunguzayo macho, na miwani ya jua haitoshi kuikinga. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, ndiyo sababu mtoto hasadiki akionywa mchana. Mwalimu aombe kwa fundi kipande kilichokwisha poa, akifunike kwa kitambaa, kisha agonge gamba yeye mwenyewe, maana vigae vyake huruka. Watoto waone kiungo king’aavyo chini yake, nao waseme gamba lilikuwa na kazi gani.

Ndipo awaulize swali gumu zaidi. Mabamba ya meli ya Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, yalishikanishwa kwa ribiti. Mbona ribiti hazikuhitaji gesi wala gamba? Atakayejibu kwamba ribiti hupashwa moto ikalainika lakini haiyeyuki, huyo amekwisha kumjibu mwenziwe aliyeuliza habari za moshi.