Mlio wa panjani na kadi ya mpakani

Ipo ultrasaundi isiyopima mimba wala ini. Kifaa chake huwekwa panjani, pale mfupa wa fuvu ulipo mwembamba, kisikilize damu inavyokwenda ndani ya ubongo. Rune Aaslid na wenzake waliitangaza mwaka 1982. Chembe ikipita mshipani, mashine hutoa mlio mfupi kama wa kifaranga. Kwa mtu mwenye valvu ya moyo ya bandia, ile ya kaboni na chuma, milio inaweza kusikika mara nyingi kwa saa moja, naye amekaa hana dalili yoyote.

Hapo wengi hushtuka na kusema kiharusi kiko njiani. Lakini watafiti waliona kwamba mgonjwa akivutishwa oksijeni, milio hupungua sana. Donge la damu haliyeyuki kwa oksijeni ya dakika chache. Basi chembe nyingi ni viputo vya gesi tu, vinavyotokea valvu inapojifunga kwa kishindo. Idadi ya milio peke yake haimwambii daktari nani ataanguka.

Kwa hiyo, wanaodai hospitali zetu zinunue mtambo huo kwanza, mimi sikubaliani nao. Huku kwetu valvu nyingi huharibika kwa homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo la mtoto lisilotibiwa kwa penisilini. (Walimu wenzangu, mtoto mwenye koo na homa apelekwe zahanati, asipewe maji ya chumvi tu.) Ndiyo maana wanaopasuliwa ni vijana, wakiwemo wanaovuka Rusumo na Kobero na mizigo yao. Madaktari wa Team Heart kutoka Marekani walianza kupasua Kigali mwaka 2008. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Upasuaji umesogea karibu.

Kilichobaki mbali ni ufuatiliaji. Mwenye valvu hiyo humeza warfarini maisha yake yote, na damu yake hupimwa kipimo kiitwacho INR. Kwa valvu ya mitrali hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, donge huota kwenye valvu. Kikipanda mno, mtu huvuja damu. Sasa mfanyabiashara huyu wiki hii anakula isombe kila siku, wiki ijayo haigusi. Mgongo ukimuuma ananunua diklofenaki dukani. Vyote hivyo vinavuruga dawa. Na mama anayetaka mimba amwone daktari kabla, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wapo pia wanaobadilishiwa warfarini kwa vidonge vipya visivyohitaji kipimo. Kwa valvu hizi ni hatari: dabigatrani ilishindwa katika majaribio yaliyotangazwa 2013, na jaribio la apiksabani likasimamishwa 2022.

Mashine ya INR ya kuchoma kidole hutoshea mkononi. Iwekwe katika hospitali za wilaya, pande zote mbili za mpaka, pamoja na kadi moja ya mgonjwa inayopokelewa kote. Sisi tuliosoma ukimbizini tulirudi na vyeti ambavyo kila ofisi ilivigeuza-geuza. Mwenye cheti aliweza kungoja miezi. Mwenye valvu aliyeishiwa vidonge Kabanga hawezi kungoja hata wiki.