Akili mnemba na wajibu wa kuhakiki

Wanaotuuliza iwapo akili mnemba italeta kheri au shari, tunawaelekeza kwanza shambani. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, lilizindua Nuru, programu ya simu inayokagua majani ya mahindi na kumweleza mkulima iwapo yameshambuliwa na viwavijeshi vamizi, hata pasipo intaneti. Kwa mkulima wa Iramba, mkoani Singida, hiyo ni neema: jibu akilitilia shaka, huligeuza jani kwa mkono wake na kumwita bwana shamba.

Lakini akili mnemba hiyo hiyo yaweza kuiga sauti ya kijana anayemwomba mamaye fedha. Hapo hapana jani la kugeuza. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi mama akate simu, ampigie mwanawe kwa namba aijuayo, ndipo atume. Tuzungumze hayo majumbani mwetu kabla simu haijalia.