Mwana ana ulemavu wa akili, mbona alaumiwe mama?

Ukizaa mwana wa kiume akachelewa kusema, na darasani akawa mzito wa kuelewa, jamaa za mumeo hawakosi kusema umeleta mkosi. Usiwasikize. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni udhaifu wa kromosomu ya X, ambao Martin na Bell wa Uingereza waliueleza mwaka wa 1943 baada ya kuchunguza ukoo mmoja.

Jeni yenyewe, FMR1, iligunduliwa 1991. Kipande chake kimoja hujirudia kama mara 30 kwa watu wengi. Kikipita mara 200, jeni hufungika na ubongo hukosa protini muhimu. Mvulana ana X moja tu, ya mamake, kwa hivyo huathirika kuliko dadake mwenye mbili.

Na mama je, aliitoa wapi? Pengine kwa babake, mzee mwenye akili timamu, ambaye huwarithisha binti zake wote na wanawe wa kiume asiwape kamwe!

Badala ya kumfungia mtoto chumbani (wapo wafanyao hivyo), muulize daktari kuhusu kipimo cha damu, ukimtajia na wajomba wenye shida kama hiyo. Dawa ya kuiponya haijapatikana, lakini mafunzo ya mapema ya kusema humfaa mtoto. Dada zako nao waambie kabla hawajazaa.